Mkono wa Nane Hauna Silaha

Riruta, Nairobi
8 Mei 2005

Mjomba Mwau,

Shikamoo, kama mnavyosalimiana huko Changamwe. Mguu wako unaendeleaje? Ningekupigia simu kama watu wengine wa mwaka huu, lakini mara ya mwisho nilipiga kelele dakika tano kwa simu ya mwanao Mwololo, nawe ukanijibu, "Ndiyo, mvua imenyesha." Kwa hivyo tuandikiane. Barua haitaki masikio.

Huku sote wazima. Mama yuko Wamunyu, mbaazi zake zimekubali, na anasema kaka yake wa pekee humkumbuka Krismasi tu. Mimi bado niko Naivasha Road kwenye karakana ya Macharia. Yeye anapiga vitanda na meza, mimi nachonga miguu ya hizo meza. Umenielewa vizuri, nachonga. Msasa niliuacha zamani.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Nimepata oda yangu mwenyewe! Oda ya Kamene binti Nzula, ya kuchonga sanamu nzima kutoka kichwani hadi kwenye kucha.

Ilikuwa hivi. Alikuja mama mmoja wa Kihindi kununua meza. Anaitwa Mama Prabha, mjane, ana duka la vitambaa Biashara Street kule mjini. Alipoona meza yangu yenye miguu ya simba, akachuchumaa pale kwa vumbi, na sari yake safi hivyo, akapitisha kidole kwenye vidole vya simba. Unajua vile ulinifundisha, kila kidole mistari mitatu, wa katikati mrefu. Akauliza, "Hii miguu nani alichonga?" Nikasema mimi. Macharia akakohoa. Akauliza nani alinifundisha, nikasema mjomba wangu. Jina? Nikasita kidogo, nikasema Mwau. Akasimama, akasema, "Wewe utanichongea Mata."

Mata maana yake Mama. Ni mungu wao wa kike, amepanda simbamarara na ana mikono minane. Minane, Mjomba! Wa zamani wa nyumba yao alivunjika mkono Januari wakati wa kupaka rangi ukuta, na kwao kilichovunjika hakiabudiwi tena. Anataka mpya kabla ya tarehe 4 Oktoba, ndiyo siku ya kwanza ya Navratri, ile sikukuu yao ya usiku tisa wanayomchezea huyo Mama. Urefu futi mbili na nusu. Nimemwambia nitamtoa mzima kwenye kipande kimoja, bila gundi, bila msumari. Macharia anasema nimerukwa na akili.

Naomba vitu viwili. Kwanza, gogo la mwarobaini lililokauka sawasawa. Mama Prabha anautaka mti huo hasa, kwao ni mti wa heshima. Pili unajua. Nataka ngomo ya babu. Kwa mikono minane nahitaji tezo ndogo inayoingia katikati bila kugusa kando, na hakuna nyingine kama hiyo. Usiniambie ni ya Mwololo. Mwololo anaendesha lori la Kampala, ngomo ataichongea nini, usukani?

Mpwa wako,
Kamene


Changamwe
30 Mei 2005

Kamene mwanangu,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima, mguu ni ule ule, joto ni lile lile. Mwambie dada yangu Nzula nitamwandikia.

Gogo analeta Mwololo akipita huko. Limekauka kivulini miaka mitatu, halina ufa wala mdudu. Utaona kuna fundo upande mmoja. Weka mgongo huko, usoni usiliache kabisa. Mikono ya juu uitoe mwisho. Ukiitoa mapema itakuwa inakupiga mikono yako mwenyewe na siku moja utavunja mmoja kwa kiwiko. Kipande kimoja ni kiburi, lakini ni kiburi kizuri.

Ngomo aliiacha baba kwa mikono ya wanaume na hapo ndipo ilipo. Sikatai kwamba unajua kazi. Nasema tu mambo yana utaratibu wake.

Huyo mama usimzungumzishe sana habari zangu. Mteja ni mteja. Mpe kazi yake, uende zako.

Mjomba wako,
Mwau


Riruta
17 Julai 2005

Mjomba wangu mpendwa na mgumu kama mpingo,

Salamu kutoka kwa baridi. Huku Julai tunavaa makoti mawili mawili, nyinyi huko mnajipepea. Mama amekuja kutibiwa macho, yuko hapa kwangu wiki ya pili. Alipoona ninachochonga alishika mdomo. "Kamene! Sanamu ya kuabudiwa? Na wewe uko kwaya?" Nikamwambia, Mama, mimi naabudu Jumapili, Jumatatu nachonga. Hakuridhika. Lakini jana nilimkuta ameketi mbele yake anahesabu mikono, na akaniuliza kama huyo mama hachoki.

Gogo ni zuri ajabu, asante. Nilimwambia Mwololo uko mkali kuhusu ngomo, akacheka, akasema yeye haitaki, hata akipewa ataisahau mpakani Malaba. Basi hiyo sababu imekufa, tafuta nyingine.

Mama Prabha huja kila Jumamosi na chupa ya chai ya tangawizi, anakaa kwenye kitanda ambacho hakijauzwa, ananieleza. Zamani kulikuwa na pepo mwenye umbo la nyati. Alikuwa amepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayemuua, basi akatesa mbingu na nchi. Miungu wanaume walimwendea wote, wakarudi wote wanachechemea. Mwisho wakamkabidhi huyu Mama silaha zao. Mmoja alimpa mkuki wa ncha tatu, mwingine gurudumu lenye makali, mwingine upinde, mwingine upanga, mwingine rungu. Akapewa na kombe la kupuliza, maana vita huanza kwa sauti, na ua la yungiyungi, kwa sababu ua hilo huota kwenye tope na halichafuki. Akapanda mnyama wake akaenda akamaliza kazi.

Mjomba, nilicheka mpaka patasi ikaanguka. Wanaume wote wale walipoona wameshindwa walitoa silaha zao wenyewe. Hakuna aliyesema mambo yana utaratibu wake! Mimi sijaomba mkuki wala upinde, naomba tezo moja tu ya babu, na mjomba wangu anaikalia kama kuku.

Hesabu uone. Mkuki, gurudumu, upinde, upanga, rungu, kombe, ua. Hiyo saba. Mkono wa nane umeinuliwa, kiganja kimeangalia watu, na hauna kitu. Macharia alipoona nimeuchora vile kwenye gogo akasema, "Fundi, huu mmoja umesahau. Weka hata kisu, mteja asinung'unike." Ni kweli, sisi hatujazoea mkono mtupu, hata Mmasai wa kuuzia watalii lazima ashike mkuki. Lakini Mama Prabha alisema, "Huo ndio ya muhimu kuliko yote. Hiyo saba ni ya adui. Huu ni ya mtoto. Inasema, usiogope."

Nimeuchonga mara tatu kichwani mwangu na bado naogopa kuugusa.

Sasa swali, na nijibu. Mata wa zamani alichongwa 1978 na fundi Mkamba wa hapa Riruta. Mama Prabha amenionyesha picha. Mjomba, vile vidole vya simbamarara vina mistari mitatu, wa katikati mrefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja 1978. Nakumbuka ulikunywa chai nusu kikombe, ukachukua begi, na tangu siku hiyo hujakanyaga Nairobi. Mama alisema kazi imepatikana Mombasa. Nilitoka nje nikaona benchi lako na takataka za mbao bado ziko chini, na wewe hukuwa mtu wa kuacha takataka.

Ni wewe? Na kama ni wewe, kwa nini hukuniambia?

Mpwa wako mwenye mikono miwili tu,
Kamene


Changamwe
14 Agosti 2005

Kamene,

Huku mvua imechelewa kukatika. Dada yangu macho yake yaendeleaje? Mwambie asisome gizani.

Mkono mtupu uanze kwenye kidole gumba, usianze kwenye kiganja. Vidole vikae karibu karibu, vikiachana vitaonekana vinaomba badala ya kutoa. Nyuma ya mkono uache nyama ya mti kidogo mpaka siku ya mwisho.

Maswali mengine yaache yalale.

Mwau


Changamwe
12 Septemba 2005

Kamene mwanangu,

Nakuandikia tena kabla hujajibu, jambo ambalo sijalifanya kwa mtu yeyote. Sina habari za nyumbani za kukupa, leo naingia moja kwa moja.

Ukimaliza, usipake rangi ya viatu. Najua ndivyo nilivyokufundisha. Rangi ya viatu, brashi ya viatu, sugua mpaka ung'ae, ndivyo kila fundi wetu anavyofanya tangu Wamunyu. Hii usiipake. Tumia nta ya nyuki au mafuta ya nazi.

Usiniulize kwa nini. Fanya tu.

Mwau


Riruta
22 Septemba 2005

Mjomba,

Sina salamu leo. Natuma hii kwa basi, si kwa posta, kwa sababu posta yenu imenimaliza. Barua yako ya tarehe 12 imefika leo, tarehe 22, sanduku la kanisa. Jumamosi iliyopita, tarehe 17, nilimpaka.

Nilimpaka yule Mama kopo mbili za rangi ya viatu, ya kahawia. Mikono yote minane, uso, mnyama, kila unywele. Nilimsugua kwa brashi mpaka Macharia akaja akasimama, akavua kofia, akasema, "Kamene, hii sasa si mchezo." Watu wa Dagoretti Corner walikuja kumtazama. Nilijivuna, Mjomba. Niliimba siku nzima.

Leo nimesoma barua yako nikaenda kumnusa. Ananuka duka la viatu. Hapo ndipo nikakumbuka nyumba ya Mama Prabha, ghorofani juu ya duka lake. Nilipanda huko mara moja tu, na viatu niliviacha chini kwenye ngazi, pamoja na vya watu wote, kwa sababu huko juu ndiko Mata anakokaa. Hata kwapani hawaingizi kiatu mle ndani. Na mimi nimempaka Mama yao dawa ya kiatu kwenye uso, kwa brashi iliyogusa viatu vya Macharia!

Wewe ulijua. Ulijua tangu Mei nilipokuandikia neno Mata. Ukaniambia habari za fundo, ukaniambia habari za kidole gumba, na hili moja ukalikalia miezi minne. Nimekasirika sana na nitakuambia hivyo hivyo, mjomba au si mjomba. Ungesema mstari mmoja tu Mei!

Mama Prabha anakuja Jumanne tarehe 27 kumwona. Macharia anasema ninyamaze, harufu itaisha, nimwagie manukato. Hapana. Kazi hii ni ya jina langu, ya kwanza na labda ya mwisho, na simwuzii mtu uongo wa kupigia magoti. Nitamwambia. Lakini kabla sijamwambia nataka kujua ninasimama juu ya nini. Nijibu kwa basi. Nijibu yote.

Kamene


Changamwe
24 Septemba 2005

Kamene mwanangu,

Hasira zako ni za haki na nimezipokea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, soma.

Ni mimi. Mwaka 1978 mwenye lile duka alikuwa mama mkwe wa huyo Prabha. Walimwita Ba. Mama mdogo wa kimo, anatoa amri kama sajini. Aliniona nauza twiga wa kuchonga nje ya soko la mjini akanichagua. Nilifanya miezi mitano. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya kabla na baada, na mkono ule mtupu nilikaa nao wiki nzima. Nikapaka rangi ya viatu kama baba alivyonifunza. Siku ya kupeleka nilimbeba kwa shuka nyeupe kutoka Riruta.

Walimpokea kwa maua kwenye mlango. Bibi arusi mmoja kijana alinipa maji ya kunywa, nadhani ndiye huyo Prabha. Mimi nikashuka nimejaa furaha. Chini kwenye ngazi palikuwa na fundi cherehani, nilikuwa natafuta viatu vyangu katikati ya viatu vyote vile. Akacheka. Akasema, "Mkamba, umewapelekea mungu anayenuka kiatu? Wewe huoni viatu vyote viko huku chini?" Nikaviangalia vile viatu. Kamene, nikavaa vyangu bila hata kufunga kamba.

Ningepanda ngazi thelathini tu, nikaseme. Sikupanda. Nilienda nyumbani, na siku ya tano asubuhi nikasikia gari limesimama barabarani, mtu anauliza fundi Mwau. Nilijua ni polisi. Nikatoroka kwa mlango wa nyuma. Nzula akawaambia hajui nilipo, akadanganya kwa ajili yangu, na kwa hiyo huwa namwandikia Krismasi tu. Namwonea aibu dada yangu.

Wameomba mbele ya kazi yangu miaka ishirini na saba bila kujua nilichompaka. Wewe uliposema Mata, nilitaka kusema. Kila nikishika kalamu mkono unaandika habari za mvua.

Mwambie habari yako. Na yangu mwambie pia. Usinifiche tena, nimechoka kufichwa. Kama atachukia achukie yule aliyeanza.

Mwau


Riruta
28 Septemba 2005

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu zimerudi. Mama yu mzima, macho yanaona hadi senti, watu huku wanabishana ndizi na chungwa za kura ya katiba kutwa nzima mpaka kwaya imegawanyika, na mimi sijalala vizuri siku tano. Sasa kaa kwenye kiti tena, na uwe na mtu karibu.

Jana Mama Prabha alikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemfunika Mata kwa shuka. Nikasema, "Mama, kabla sijafunua nina neno." Nikamwambia langu lote, brashi, kopo mbili, viatu vya Macharia. Sikupunguza. Halafu nikamwambia lako, kwa sababu ulisema nimwambie. Ngazi, cherehani, gari, mlango wa nyuma.

Mjomba, yule mama alikaa kwenye kitanda cha Macharia akacheka mpaka akajifuta machozi na pindo la sari.

Anasema Ba alijua kabla hata hujafika chini. Aliondoa shuka, akanusa mara moja, akasema neno la Kigujarati ambalo Prabha hatanitafsiria. Alikasirika ile jioni yote. Kesho yake akavuta kiti, akakunja mikono ya nguo, akaita wanawake wote wa nyumba, wakamwosha kwa maji ya moto na ndimu na unga wa dengu, siku tatu, kwenye kila kidole. Prabha ndiye aliyeosha simbamarara, anasema vile vidole anavijua kuliko vya mumewe marehemu. Ndiyo maana alichuchumaa pale Mei. Alikutambua kwa mistari.

Nikauliza, na haikuwa dhambi? Akanishangaa. "Kabla pandit hajafungua macho, hii ni mti tu. Mti inaoshwa." Kumbe kwao macho ni ya mwisho. Kasisi wao anakuja, anasoma, anayagusa macho kwa kijiti cha dhahabu, na hapo ndipo Mama anaingia ndani ya nyumba yake. Kabla ya hapo hujamkosea mtu yeyote. Wewe ulikimbia gogo la mti.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nilie mimi. Lile gari halikuwa polisi. Siku ya kufungua macho, fundi aliyechonga anaalikwa. Anakaa mbele, mbele ya watu wa nyumba, na mwenye nyumba anamvisha shali mabegani, anampa nazi, wote wanamshukuru kwa mikono yake. Ba alituma gari kukuchukua. Mama yangu akasema hajui ulipo. Wakarudi na kiti kikabaki wazi.

Shali bado ipo. Nyeupe, pindo jekundu, Ba aliifunga kwa karatasi akaweka karafuu za kuzuia wadudu, akasema asipewe mtu mwingine. Alipofariki mwaka 1994 alimwachia Prabha kazi ya kukutafuta. Prabha hakujua jina la ukoo wala kijiji, alijua jina Mwau na vidole vya simbamarara tu. Amekagua miguu ya meza Nairobi nzima, Mjomba. Miaka kumi na moja anachuchumaa kwenye vumbi la mafundi.

Nikamwuliza basi kwa nini hakuniambia tangu Mei. Akasema, "Wewe ulisema jina Mwau ukasita. Nikajua kuna kitu. Nikangoja mwenyewe aseme."

Basi jana hiyo hiyo tulikunja mikono ya nguo. Yeye, mimi, na usishangae, mama yangu Nzula, ambaye alisema yeye haabudu ila kuosha ataosha. Unga wa dengu kilo sita. Macharia alichota maji mwenyewe akachemsha, hakuna aliyemtuma. Tumemwosha mpaka leo saa kumi, na kesho tunamaliza, halafu nta ya nyuki. Mikono yote minane iko sawa, hakuna hata ufa. Nilikuambia nitamtoa kwenye kipande kimoja nikamtoa. Mti umerudi rangi yake, ya asali, ni mzuri kuliko ulivyokuwa na rangi ya viatu. Kama ningejua ningeacha kuupaka miaka yote.

Jumanne tarehe 4, saa tatu asubuhi, macho yanafunguliwa. Mama Prabha ametoa viti viwili mbele, kimoja changu na kimoja chako. Mata wako wa zamani bado yuko pale kwenye meza ndogo, amefunikwa kitambaa chekundu, mkono wake wa nane umelazwa miguuni pake. Baada ya siku kumi, sikukuu ikiisha, wanampeleka mtoni wanamwachia maji, ndivyo anavyoagwa. Ukitaka kumwona tena ni sasa. Hili halingoji Krismasi.

Shali siitumi kwa basi, usiniombe. Njoo uvishwe.

Na kuhusu ngomo, sikusumbui tena. Nimemaliza bila hiyo.

Mpwa wako,
Kamene, fundi


Changamwe
30 Septemba 2005

Kamene mwanangu,

Barua imefika saa moja asubuhi na basi lililoileta. Nimeisoma mara nne. Jirani alikuja kuuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna.

Kiti wakiache. Nina tiketi ya Jumapili jioni, Jumatatu alfajiri niko River Road. Usije kunipokea, Riruta naijua. Nitakuja kwako kwanza, nimwombe radhi Nzula kabla sijala chochote. Aliponidanganyia watu wale alifikiri ananiokoa, na mimi nilimwacha na ule uongo miaka ishirini na saba.

Ngomo iko kwenye begi, nimeifunga kwa kipande cha blanketi. Mpini nimebadilisha jana, ule wa baba ulikuwa wa kiganja kikubwa na chako najua kipimo chake tangu ulipokuwa mtoto ukinishikia mbao. Usinishukuru. Umesema umemaliza bila hiyo, na fundi anayeweza kumaliza bila hiyo ndiye mwenyewe. Mimi nilichelewa tu kuliona.

Leo nilitoa viatu vyangu vyeusi vya harusi nivitayarishe kwa safari. Nikafungua kopo, nikachovya brashi, halafu nikakaa na brashi mkononi muda mrefu. Nimelifunika kopo. Nitakuja navyo na vumbi lake, na nitavivua chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, mahali pale pale. Safari hii nitapanda.

Mjomba wako,
Mwau